Msomaji wa Ukutani

Kezia alikuwa anachambua kunde mchana kweupe aliposikia ukuta unasoma. Sauti ya kiume, ya chini, ilitaja bei ya pamba, kisha tangazo la nyumbu aliyepotea. Nyumba ikanuka tumbaku, na humo ndani hakuna aliyevuta.

Sauti aliijua. Ilikuwa ya Pettibone, aliyewamiliki enzi za utumwa, aliyekufa vitani.

Mumewe, Jubal, hakutishika sana. Walikuwa wamebandika magazeti kuta zote, kama weusi wenzao pale Arkansas, kwa kuwa mzuka haumgusi mtu kabla haujasoma kila neno lililo mbele yake. Wao wenyewe hawakujua hata herufi moja.

"Acha usome," Jubal alinong'ona. "Tumebakiza wiki tatu."

Wiki tatu itimie miaka mitano ya kukaa hapo, serikali iwape hati ya shamba. Wangehama hata siku mbili, jirani yao mzungu, Crandall, angeapa kwamba wamelitelekeza, alichukue pamoja na kisima na mahindi yao. Basi wakakaa. Lakini mzuka ule mshenzi ulikuwa msomaji hodari; ulimaliza ukuta wa mlangoni, ukamaliza wa jikoni, kila siku sauti ikisogea kitandani na harufu ikiwakaba koo, hadi jioni moja wakausikia unahema juu ya mito yao, na gazeti halikubaki hata kipande cha kufungia chumvi.

Kezia akafungua sanduku, akatoa karatasi ya shamba, waliyopewa na karani wa ardhi siku ya kujiandikisha.

"Hiyo hapana, mke wangu."

"Unataka mzuka utunyonge? Hii ina maneno mengi. Tena ina mhuri."

Akaibandika. Mzuka ukasoma polepole: jina la Jubal, ekari themanini, upande wa mashariki wa kijito.

Mashariki ni kinamasi, hakuna kitu ila nyoka. Wao walikuwa magharibi, alikowaonyesha karani kwa kidole, na huko ndiko walikong'oa visiki miaka yote mitano. Mzuka ukacheka. Kezia akaanza kulia.

Jubal hakutaka kuamini. Akapiga magoti kitandani, akaukabili ukuta. Siku ya uhuru aliapa kwamba hatamwita tena mtu yeyote kwa neno lile, na sasa lilimtoka lenyewe.

"Bwana," alisema, "nisomee tena."

Ukamsomea, kwa raha zake, neno moja moja, na kila ulipofika kwenye mashariki uliirudia mara mbili.