Vidole Viwili vya Fundi Saa

Mama Sindano alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la sebule. Kando ya cherehani palikuwa na kitanda, na kitandani alilala mumewe. Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, kwa kuwa alitengeneza saa zao miaka thelathini. Sasa kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote.

Mbele ya kitanda palikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Fundi Saa alilitunza mwenyewe kabla hajaugua. Ndani yake mlikuwa na mchanga, mawe, matumbawe, na samaki watatu wa rangi ya chungwa. Daktari alikuwa amesema, "Mama, usitarajie makubwa. Mpe kitu cha kutazama." Kitu chenyewe kilikuwa tangi hilo.

Kila asubuhi na kila jioni Mama Sindano alimlisha mumewe uji. Kijiko kimoja kwa mume, chembe chache za chakula kwa samaki. Kijiko, chembe. Kijiko, chembe.

"Kula, baba. Wenzako wanakula," alimbembeleza.

Kila chembe zilipoanguka majini, Fundi Saa aligonga ukingo wa kitanda kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ko, ko.

"Anafurahi," Mama Sindano alisema. "Anataka niongeze."

Naye akaongeza.

Baada ya wiki chache, mwani wa kijani uliota kwenye kioo. Ukafunika mawe. Ukatoa nyuzi ndefu, ukayasonga matumbawe. Samaki mmoja akafa.

Wifi yake, dada wa Fundi Saa, alikuja kumwona mgonjwa. Akasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Wifi, hili ni tangi au bustani ya mboga? Nipe kisu nivune."

"Mdomo wako hauna kufuli."

"Nacheka nisilie. Kaka yangu anatazama nini humu? Kijani kitupu!"

Alisema hivyo huku anakusanya mashuka machafu ya mgonjwa. Aliondoka nayo kwenda kuyafua, na hakuna aliyemwomba.

Siku ya pili Mama Sindano alikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo. Muuzaji hakumuuliza tangi lina ukubwa gani.

"Unahitaji wanyama wa kusafisha," alisema. "Chukua wengi, mama. Wakiwa wengi, kazi inakwisha upesi."

Alirudi na konokono thelathini, na kaa wadogo ishirini wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Alileta pia kiti cha pweza, yule mnyama wa pembe tano. Akawamimina wote kwa mara moja.

"Haya, wanangu, kazini."

Siku ya tano nyumba ilinuka. Konokono wengi walikuwa wamekufa. Kaa walikuwa wakiwavuta nje waliosalia ili wachukue makombe yao. Kiti cha pweza alikuwa ameanza kuyeyuka. Samaki wa pili alielea ubavu.

Mama Sindano alifunika tangi kwa kitambaa cheusi, mume asione. Fundi Saa akageuza uso ukutani. Uji akaukataa. Kesho yake akaukataa tena.

Mama Sindano akaketi sakafuni. "Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja," alimwambia wifi yake. "Nimekiua kwa mikono yangu. Sasa na yeye anakwenda."

Safari hii wifi hakutania. Alijifunga kanga akaenda kumwita Mzee Ndoo, jirani aliyetunza tangi kubwa la samaki kwenye chumba cha kungojea cha daktari wa meno. Popote alipokwenda alishika ndoo.

Mzee Ndoo alipoingia, alimsalimu mgonjwa kwanza.

"Fundi, ile saa uliyonitengenezea bado inatembea kuliko mimi."

Kisha akaondoa kitambaa. Aliwatoa waliokufa, mmoja mmoja. Akang'oa mwani kwa vidole. Akachota robo ya maji machafu, akatia maji safi aliyokwisha kuyachanganya na chumvi ya matangi.

"Mbona huyabadilishi yote?" wifi aliuliza.

"Samaki aliyebaki atashtuka, afe. Robo nyingine kesho kutwa." Akamgeukia Mama Sindano. "Shemeji, samaki unawalisha mara ngapi?"

"Kila kijiko cha uji."

"Vijiko vingapi?"

"Kama ishirini. Asubuhi na jioni."

Mzee Ndoo aliweka ndoo chini. Akasema taratibu, "Chembe chache, mara moja kwa siku, zinatosha. Wanazoacha zinaoza, na uozo ndio mbolea ya mwani. Hakuna konokono wa kushindana na mkono wako."

Mama Sindano alitazama kitanda. Alitazama vile vidole viwili.

"Alikuwa ananikataza," alisema. "Siku zote hizi alikuwa ananikataza. Nami nasema anafurahi."

Mzee Ndoo alikamua kitambaa ambacho hakikuwa na maji.

Mwishowe alisema, "Sikiliza, shemeji. Mnyama huajiriwa kwa kazi, kama mtu. Ngoja wiki tatu kwanza. Nitakuja kupima maji. Yakitulia, tutaleta konokono wanne wa kulamba mwani kwenye kioo na mawe. Tutaleta wawili wanaojizika mchangani, waokote makombo. Wengi kuliko hapo watakufa njaa, na maiti zao zitachafua maji."

"Na hawa kaa?"

"Abaki mmoja, wengine nitawachukua. Huyo mwekee makombe matupu, madogo na makubwa. Akikua akikosa nyumba, huua konokono apate yake."

"Na kiti cha pweza?"

"Huyo asirudi. Tangi hili ni dogo, chakula chake hakimo. Na wageni usiwamwage tena. Watie bakulini, uwadondoshee maji ya tangi tone kwa tone, saa nzima, wayazoee."

Mama Sindano alifuata kila neno. Hata hivyo matumbawe mengi yalikuwa meupe, yamekufa. Kilibaki kipande kimoja, kama kidole gumba. Samaki alibaki mmoja. Fundi Saa alirudia uji, lakini vijiko vichache tu; hakusema, hakutembea, na daktari hakubadilisha neno lake.

Lakini mwezi wa pili kioo kilikuwa safi. Asubuhi moja konokono alipanda kiooni, polepole, na macho ya Fundi Saa yakamfuata kama yalivyofuata zamani mshale wa saa. Alikuwa amekwisha kula vijiko saba.

Mama Sindano alimtupia samaki chembe zake. Kwa mazoea, mkono ukarudi kwenye kopo la chakula chao.

Ko, ko.

"Nimesikia, mume wangu," alisema. Akafunika kopo, akachota kijiko cha nane.