Nyamizi na Watu wa Kidole Kimoja

Sogeeni karibu. Aliye na kikohozi akohoe sasa, maana safari hii ni ndefu.

Nyamizi alikuwa na miaka sita, na macho ya kushuku. Hata uji aliuchungulia kwanza kabla ya kuunywa.

Asubuhi hiyo aliketi nyuma, ndani ya gari la Baba. Amevaa koti, na koti jingine juu yake. Amevimba kama mto.

Walikuwa wanakwenda kwa Mama. Mama alitangulia kuanza kazi katika mji wa mbali, ng'ambo ya nyanda za Amerika. Miezi mitatu sasa Nyamizi hajalala na Mama.

"Baba, leo nitalala na Mama?"

"Leo leo. Ila theluji ikizidi, wataifunga barabara. Hapo tutalala njiani."

Nyamizi hakutaka kulala njiani. Hakutaka hata kidogo.

Nguu, nguu, nguu, gari likaenda.

Nje, nchi yote ilikuwa tambarare. Shamba jeupe, ua wa seng'enge, shamba jeupe tena. Hakuna kilima hata cha kujificha sungura.

Mara gari likaja mbele yao. Dereva alikuwa mzee mwenye kofia. Walipopishana, akainua kidole kimoja juu ya usukani. Kimoja tu! Vuu, akapita.

Nyamizi akakaza macho.

"Mh! Hapa pana jambo."

"Jambo gani?" Baba akauliza.

"Unamjua yule?"

"Simjui."

"Mbona ametuinulia kidole?"

"Labda alikuwa anajikuna."

Nguu, nguu, nguu, gari likaenda.

Likaja lori la ng'ombe. Dereva wake akainua kidole kimoja. Vuu, akapita.

"Mh! Hapa pana jambo. Huyu naye anajikuna?"



Likaja basi la shule la njano, tupu kabisa. Dereva wake akainua kidole kimoja. Vuu!

"Mh! Hapa pana jambo," akasema Nyamizi. "Baba, wanatuhesabu."

"Wanatushangaa tu. Mgeni ni kuku mweupe, mwanangu."

"Mimi si kuku."

Basi theluji ikaanza kushuka. Waipa za kioo zikaamka. Fya, fya! Fya, fya!

Ikaja pikapu nyekundu. Aliyeiendesha alikuwa bibi mwenye miwani mikubwa. Na yeye, kidole kimoja! Vuu!

Nyamizi akageuka kumtazama. Pikapu ikapunguza mwendo. Ikasimama. Ikageuza.

"Baba! Anatufuata!"

"Barabara ni ya wote," Baba akasema. Lakini akatazama kioo. Akatazama tena. Kushuku kunaambukiza kama mafua, na Baba alikuwa ameshaambukizwa. Akakanyaga mafuta kidogo.

Kosa hilo! Gari likateleza.

Sssss... sssss... PU! Likaingia mtaroni.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

Magurudumu yakazunguka, ziii, ziii, na gari halikusogea. Baba akaacha hita ikiunguruma, akashuka kutazama.

Pikapu nyekundu ikasimama nyuma yao. Bibi akashuka. Buti zake zilikuwa kubwa. Na mkononi alishika mnyororo mrefu, mnene. Kwacha, kwacha, kwacha!

"Mh! Hapa pana jambo! Jambo kubwa!"

Nyamizi akabonyeza kitufe. TA! Milango yote ikajifunga.

Baba akavuta mlango. "Nyamizi, fungua!"

"Sifungui! Bibi ana mnyororo!"

"Ni wa kuvutia gari!"

"Umejuaje?"

Theluji ilikuwa imemjaa kwenye nyusi.

"Mwanangu, lazima nishike usukani wakati anatuvuta. Tukichelewa, barabara itafungwa."

Nyamizi akamfikiria Mama. Akifungua, kuna mnyororo. Asipofungua, hakuna Mama.

Bibi akainama dirishani. Akatabasamu. Akainua kidole kimoja.

Nyamizi akateremsha kioo kidogo, kiasi cha kupitisha pua.

"Hicho kidole ni cha nini?" akauliza, kwa Kiingereza chake cha shuleni.

"Hiki?" Bibi akakitazama kidole chake. "Hiki ni salamu. Huku kwetu tunamsalimu kila tunayepishana naye. Nyinyi hamkuitikia. Nikasema, hawa ni wageni, hawajui theluji ya huku. Nikarudi niwaangalie."

Nyamizi akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Salamu! Watu wamewasalimu njia nzima, na wao kimya! Kwao, asiyeitikia salamu huulizwa kama masikio yake yamelala.

"Baba! Kumbe sisi ndio hatuna adabu!"

Aibu ikamwingia, aibu ya kweli. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi akakodoa macho.

"Baba, naye haitikii!"

"Hajui, mwanangu. Kama sisi tulivyokuwa hatujui." Baba akamgeukia Bibi, akamfundisha pale pale, theluji ikiwaangukia.

"Ma... ra..." Bibi akajaribu. "Mara... haba. Marahaba!"

TA! Milango ikafunguka.

Baba akaingia, akashika usukani. Bibi akafunga mnyororo kwenye gari, akarudi kwenye pikapu.

Ngrrr, ngrrr... gari likatikisika.

Ngrrr, ngrrr... likasogea.

PO! Likatoka!

"Nifuateni," Bibi akasema, akifungua mnyororo. "Polepole."

Safari hii wao ndio waliomfuata. Mwenda pole hajikwai. Nguu... nguu... nguu... gari likaenda, taa nyekundu za Bibi zikiwatangulia.

Likaja trekta la kusukuma theluji. Dereva wake akainua kidole kimoja.

Baba akainua kidole kimoja.

"Ngoja! Ngoja!" Nyamizi akahangaika kuvua glavu. Akainua chake pia. Kidole kikawa cha baridi, lakini roho ikawa safi.

Hatimaye taa za mji zikaonekana. Bibi akapiga honi, akakata kona kwenda kwake. Nyuma yao, watu waliovaa makoti ya manjano wakashusha geti. Barabara ikafungwa.

Na Mama je? Mama alikuwa mlangoni. Alipoliona gari, akatoka mbio na ndala zake kwenye theluji. Akamkumbatia Nyamizi, akamnyanyua.

"Jamani, mwanangu amenenepa!"

"Ni makoti, Mama."

Mama akacheka, huku analia. Wakaingia ndani, na Baba naye akasema kuna theluji imemwingia jichoni. Ndani ya nyumba!

Wakala wali wa moto. Wakamvua Nyamizi koti, na lile jingine. Nyamizi akapanda kitandani kwa Mama, akajibanza kwapani kwake. Mama alinukia vile vile.

Lakini Nyamizi hakufumba macho. Akamtazama Mama.

"Kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Kesho kutwa?"

"Nitakuwepo."

"Mtondo?"

"Nitakuwepo, mwanangu."

"Na mtondogoo?"

"Mtondogoo nitakuwepo, na siku zisizo na majina nitakuwepo. Siendi popote bila wewe."

Nyamizi akamchunguza Mama machoni, jicho la kulia, jicho la kushoto. Akatafuta jambo. Hakuliona.

Basi akalala.