Nyota ya Kulinganishia

Duka la miwani lilikuwa limefurika wateja siku mtafiti wa nyota alipoingia na miwani iliyovunjika mkono. Gauni la buluu lilimkaa hasa, mpaka kijana fundi wa miwani akamsahau mteja aliyekuwa mbele yake.

"Pole, dada. Umeikalia?"

"Nimeilalia. Nilikuwa kazini."

"Kumbe kuna kazi ya kulala! Niombee na mimi."

Mtafiti akacheka. Wakapendana, na fundi alipenda kwelikweli.

Kazi ya mtafiti ilikuwa kupima mwanga wa kiini cha galaksi moja ya mbali, mwaka baada ya mwaka, kwa kuulinganisha na nyota jirani isiyobadilika.

"Huwa kinang'aa, kinafifia, kinang'aa tena," alimweleza fundi. "Siku hizi kinafifia tu."

Alipopandishwa cheo, akaanza kuona hata fundi anafifia, akimlaumu kwa simu fupi. Shangazi aliyemlea fundi alipokwenda kwao mtafiti kumposea, binti alimjibu mbele ya wazazi wake: "Mwanao amepoa. Sitaki mapenzi ya uvuguvugu." Mama wa watu akachukua mkoba wake, akaondoka. Fundi hakupiga simu tena.

Kisha mwenzake wa ofisini akagundua kosa. Nyota jirani ndiyo iliyokuwa ikizidi kung'aa kidogo kidogo. Kiini hakikuwa kimefifia hata chembe. Mtafiti alirudia hesabu, akaweka kalamu chini, akalia. Hakuwa akiililia galaksi.

Akapiga simu.

"Ni mimi, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

"Nilikupima vibaya. Nilikulinganisha na mimi, nikajiona sijabadilika. Zile simu nilizosema fupi, mimi ndiye niliyekuwa nazikata."

Fundi aliweka bisibisi mezani.

"Mimi nimeshakusamehe. Lakini shangazi ulimvunjia heshima ugenini. Siwezi kumtuma tena."

"Nitakuja mwenyewe."

"Njoo. Ila usimweleze habari za nyota, tafadhali."

Jumapili alimkuta shangazi sebuleni akikunja nguo. Akapiga magoti.

"Shangazi, nilikukosea adabu. Mwanao hakupoa. Niliyebadilika ni mimi."

Shangazi aliendelea kukunja shuka mpaka akalimaliza. Fundi, mlangoni, hakuthubutu hata kukohoa.

"Siku ile ulisema mbele ya nani?" aliuliza shangazi.

"Mbele ya baba na mama."

"Na haya utayasema mbele yao, mimi nikiwa nimekaa pale pale?"

"Nitayasema, shangazi. Hata leo."

Shangazi alimtazama, machozi yakimlengalenga.

"Basi nisogezee viatu vyangu."