Aliyeitikia Jina la Somoe

Bi Nusaiba alikuwa barazani akipinda sketi ya sare kwa cherehani yake alipomwita binti yake aje amshikie upande wa pili wa kitambaa. Alimwita kwa jina ambalo walikuwa wamekubaliana kulitumia.

"Somoe!"

"Abee," binti akaitika kutoka jikoni, huku sufuria zikigongana.

Bi Nusaiba akakanyaga cherehani. Halafu, kama mtu aliyechelewa kusikia, "Abee" nyingine ikatoka chumbani.

Ilikuwa sauti ya kike, changa, yenye adabu. Katika nyumba ile ya Tegeta waliishi wawili tu, mama na mwanawe. Jua la adhuhuri lilikuwa limesimama juu ya mabati, hata kuku wamejificha.

"Umeitika mara mbili?" aliuliza Bi Nusaiba binti alipotokea, mikono ikitona maji.

"Mara moja, mama. Hiyo ya pili nilidhani wewe unaniigiza."

Wakacheka, lakini kicheko hakikukaa. Bi Nusaiba aliacha cherehani, akaenda kuchungulia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, vitabu viko mezani, dirisha limefungwa. Akarudi barazani na kuendelea na kazi.

Binti yule hakuwa Somoe. Jina lake hasa lilikuwa Yasmini binti Abdulrahman Kitwana, na marehemu baba yake ndiye aliyemchagulia. Somoe binti Mfaume Pazi alikuwa binamu yake, mtoto wa pekee wa Lulu, mdogo wake Bi Nusaiba, aliyeishi Keko nyuma ya karakana za maseremala. Somoe alifanya mtihani wa kidato cha nne akapata daraja la kwanza. Alifariki kwa maradhi ya selimundu kabla hajaanza kidato cha tano.

Yasmini alitaka udaktari tangu utotoni. Lakini mtihani wa kidato cha sita ulimwangusha, na hata kama angeurudia na kufaulu, alama zake za kidato cha nne zilikuwa chini ya kiwango kilichotakiwa na chuo alichokipenda. Chuo kile kilichagua wanafunzi wake kama mtu achaguavyo mchele kwenye ungo. Alilia mwaka mzima. Bi Nusaiba alikuwa akimsikia kupitia ukuta.

Siku moja ya Idi, Lulu akaja na bahasha.

"Dada, cheti cha mwanangu kinakaa sandukuni bure. Hawa watoto wamefanana mno, hata picha haiwatenganishi. Mwache afanye mtihani wa kidato cha sita kwa jina la mwenzake."

"Ni kosa hilo, Lulu."

"Kosa ni akili ile kuozea kaburini. Mie nimeridhia, nani mwingine aulize?"

Bi Nusaiba alimtazama binti yake, akaona kitu ambacho hakukiona usoni pake tangu matokeo yatoke. Basi akaipokea bahasha. Yasmini akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, naye akawa Somoe Mfaume Pazi.

Lulu alitoa sharti moja. Tangu siku ile binti aitwe Somoe, si kwenye kituo cha mtihani tu, bali nyumbani, dukani na mbele ya majirani, ili siku msimamizi atakapoita jina asije akamkodolea macho. Bi Nusaiba aliona ni ushauri wa busara. Kila Jumapili Lulu alikuja kutoka Keko kumzoeza. Alimketisha mbele yake, akaita, "Somoe," binti akaitika, "Abee." Lulu akafumba macho, akaita tena. Alimletea khanga za marehemu, kisha magauni yake, kisha mto aliokuwa akilalia.

"Shangazi mtu huyu atanimaliza kwa kuitika," Yasmini alitania mara ya kwanza.

"Mama mdogo," Lulu alimsahihisha. Kisha akatabasamu. "Ila ukipenda, niite mama. Ndivyo atakavyoniita Somoe, au sivyo?"

Baada ya ile sauti ya adhuhuri, ikaja harufu. Ilianza wakati wa magharibi, harufu ya karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu. Bi Nusaiba alidhani inatoka kwenye nguo za marehemu. Akazifua, akazianika juani. Jioni harufu ikawa kali zaidi, nayo ilimfuata Yasmini kila alikokwenda.

Kisha akaja Mwalimu Brightson, aliyefundisha tuisheni karibu na stendi. Alisimama kibarazani akiwa na furaha tele.

"Shikamoo, mama. Huyu Somoe mmemlisha nini? Juzijuzi fizikia ilikuwa inamtoa jasho. Leo kanisahihisha mie, mbele ya darasa zima! Nimebaki nafuta ubao kama mwanafunzi."

"Ni juhudi zake tu, mwalimu."

"Juhudi haswa. Ila mwambie hicho kiganja cha kushoto kinaburura wino, kurasa zote zinachafuka."

Brightson aliaga akicheka, asijue alichokisema. Yasmini hakuwahi kushika kalamu kwa mkono wa kushoto. Aliyeandika kwa kushoto, hata akagombezwa na walimu wake, alikuwa Somoe.

Jioni ile umeme ulikatika wakati muadhini anaadhini. Bi Nusaiba alichukua taa ya chaji akaelekea chumbani kwa binti yake, na kabla hajafika mlangoni akasikia kusoma, sauti moja ikitamka sentensi ya kitabu na nyingine ikiirudia taratibu, kama mwalimu na mtoto wa madrasa, ila ile iliyokuwa ikirudia, dhaifu na yenye kukwama, ndiyo iliyokuwa ya mwanawe, na ile iliyokuwa ikiongoza ilikuwa na adabu ileile aliyoisikia mchana ule jua likiwa kichwani. Akasukuma mlango. Yasmini alikuwa peke yake, macho kayafumba, kalamu iko mkono wa kushoto.

"Mama," alinong'ona bila kufumbua macho, "usiniite."

"Nisikuite?"

"Jina lile. Ukiniita yeye ndiye anayesogea. Mwanzo alikuwa anasimama mlangoni. Sasa ameshaketi." Akajigusa kifua. "Anasoma yeye, mie nakaa pembeni. Nakumbuka vitu visivyo vyangu, mama. Nakumbuka kuoshwa. Nakumbuka maji yalivyokuwa ya baridi na mie siwezi kusema."

Asubuhi Bi Nusaiba alimpeleka Mbweni kwa Maalim Twaha, mzee mpole asiyepiga ngoma wala kudai kuku mweusi. Maalim alimuuliza binti jina lake na la baba yake. Yasmini alifungua kinywa, akamtazama mama yake kama anayeomba kukumbushwa. Bi Nusaiba akaeleza yote, tangu bahasha ya Idi.

"Huyu si jini wa kutumwa," alisema mwishowe. "Huyu ni karini. Kila mwanadamu huzaliwa na wake, na mtu akifa karini hubaki, hana wa kufuatana naye, hana wa kumwita. Nyinyi mmemwita asubuhi, mchana na jioni. Mkamwekea nguo zake na mto wake. Mlitaka afanye nini?"

"Tumtoeje, Maalim?"

"Mtoto arudishiwe jina lake leo, na mtihani huo muuache. Kisha mama wa marehemu amwambie kwa kinywa chake kwamba Somoe amekufa, naye aende zake. Hatasikia la mwingine. Sauti ya mama yule ndiyo aliyoizoea tangu tumboni."

"Mtihani ni Jumatatu, Maalim."

"Ndiyo maana nikasema leo."

Njiani Yasmini alishika mkono wa mama yake, kitu ambacho hakukifanya tangu akiwa mdogo.

"Tuache, mama. Nitafanya kazi nyingine. Nitashona na wewe."

Bi Nusaiba aliyasikia maneno hayo, na yakamuuma. Lakini alikuwa pia akikisikia kile kilio cha mwaka mzima, na sauti ya Brightson barazani.

"Ni siku chache tu, mwanangu. Umeshafika mlangoni. Vumilia umalize, tukitoka hapo tunakwenda moja kwa moja kwa mama yako mdogo, tunamtoa."

"Na yeye akinimaliza mie kabla?"

Mama alikaza mwendo.

Jumatatu walipofika kwenye kituo cha mtihani watahiniwa walikuwa wakiingia. Binti alisimama getini kama asiyejua amekuja kufanya nini. Bi Nusaiba alimwita Yasmini, kwa sauti ya chini, asigeuke. Mlinzi alikuwa anaanza kuvuta geti. Kwa hofu ya kuchelewa akaita, "Somoe!"

"Abee!" Binti aligeuka mara moja, akatabasamu, akaingia kwa mwendo mwepesi.

Safari hii ilitoka sauti moja tu. Bi Nusaiba alishukuru, akashika njia ya nyumbani. Alikuwa amefika nusu ya njia ndipo alipotambua kwamba sauti ile haikuwa ya mwanawe, akaketi juu ya jiwe mbele ya duka la watu.

Karatasi ya mwisho ilipokwisha, walikwenda Keko alasiri, pamoja na Maalim Twaha. Nje maseremala walikuwa wakipiga randa na nyundo. Maalim alimketisha binti kwenye mkeka, akamweka Lulu mbele yake, akaanza kusoma. Harufu ya karafuu maiti ikajaa chumba, na huko nje nyundo zikaanza kunyamaza, moja, halafu nyingine, mpaka ikabaki randa moja tu ikikwaruza mbao kwa mbali, nayo ikakoma, na katika ukimya ule binti akaanza kutikisika mabega, machozi yakimtoka jicho moja tu, la kulia, huku la kushoto likiwa kavu na likimtazama Lulu kwa utulivu wa mtoto anayengoja kuruhusiwa, na Bi Nusaiba akajua kwamba lile jicho linalolia ndilo la Yasmini, na kwamba limebaki hilo tu.

"Sasa, Bi Lulu," Maalim alisema. "Mwambie."

Lulu alilowanisha midomo. "Somoe."

"Abee, mama."

Lulu akajishika kifua.

"Mwambie amekufa," Maalim alinong'ona. "Upesi, mwanangu. Neno hilo tu."

"Lulu, nakuomba," alisema Bi Nusaiba. "Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya pamoja. Sema."

Lulu alimtazama dada yake. Alikuwa na huruma usoni, ndivyo Bi Nusaiba alivyokumbuka baadaye, huruma ya kweli. Kisha akamgeukia binti, akanyoosha mikono.

"Somoe mwanangu, mbona umekawia hivi? Njoo."

Jicho la kulia likakauka. Binti aliinuka, akaenda kujilaza mapajani pa Lulu, na huko nje nyundo zikaanza tena zote kwa pamoja.

Maalim Twaha alifunga kitabu chake, akatafuta viatu vyake mlangoni.

"Maalim! Unatuacha?"

"Mwenye kumfukuza ndiye aliyemkaribisha. Mie sina neno hapo, mama. Mungu akupe subira."

Bi Nusaiba alimrukia binti yake, akamvuta bega, akamwita, "Yasmini! Yasmini! Yasmini!" mpaka sauti ikamkauka. Binti alimtazama kwa mshangao, akajisogeza zaidi kwa Lulu.

"Taratibu, dada, majirani wanasikia," Lulu alisema, akimpapasa binti nywele. "Wewe ulitaka daktari. Utampata."

Matokeo yalitoka, na Somoe Mfaume Pazi alipata daraja la kwanza. Chuo kile kikamchukua. Mwalimu Brightson alilia kwa furaha, akawaonyesha wanafunzi wake wapya picha yake kwenye simu. Bi Nusaiba alifikiria kwenda kwa wakubwa kusema ukweli, lakini angesema nini? Kwamba alishiriki udanganyifu, na kwamba aliyefaulu amekufa? Na wangemfunga nani, kama si mwili ule aliouzaa?

Kabla ya chuo kufunguliwa alikwenda Keko. Binti alikuwa uani anaanika nguo. Alipomwona aliacha kazi, akaja mbio, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama mkubwa! Karibu ndani. Mama katoka, anarudi sasa hivi. Habari za Tegeta?"

Bi Nusaiba alimshika mashavu. Aliutazama uso ule kwa muda mrefu, kovu dogo la tetekuwanga chini ya kidevu, nyusi za marehemu Abdulrahman.

"Yasmini yuko wapi?" aliuliza.

Uso wa binti ukajaa majonzi. Aliichukua mikono ya Bi Nusaiba, akaibana katikati ya viganja vyake.

"Pole, mama mkubwa," alisema. "Sie wote tunamkumbuka marehemu."