Aliyemtoa Barafuni

Jumamosi ile stesheni ya treni ya New Street, Uingereza, ilikuwa imefurika. Mashabiki wa soka walikuwa wakishuka kwa nyimbo, wenye mifuko ya dukani wakikimbilia treni, na Fardowsa alikuwa katikati yao na chai mkononi, simu sikioni, akimweleza rafiki yake Zilpah kwamba atachelewa. Mara mfuko mrefu mweusi ukamgonga begani. Chai yote ikaishia kwenye abaya yake mpya ya kijani.

"Ngoja, Zilpah," alisema. "Kuna kipofu hapa amenimwagia chai."

"Samahani, dada," kipofu akajibu, kwa Kiswahili vilevile. "Macho ninayo. Huu mfuko ndio hauna."

Fardowsa akainua uso, na akaendelea kuuinua, kwa maana mtu mwenyewe alikuwa mrefu. Alikuwa na mabega mapana ndani ya koti la michezo, kovu jembamba juu ya nyusi, na sura ya Kisomali ambayo angeweza kuipita barabarani Garissa asigeuke. Kichekesho kilikuwa kile Kiswahili. Kilikuwa cha mtoto wa mtaa wa Eastleigh wa zamani, kimejaa maneno ambayo hata ndugu zake Fardowsa walikuwa wameyaacha. Alimuuliza ni nani aliyemfundisha kuongea hivyo. Akajibu kwamba alihamia Uswidi na wazazi wake akiwa na miaka tisa, na Kiswahili chake hakikupata nafasi ya kukua baada ya hapo.

Jina lake lilikuwa Dalmar. Alimnunulia chai nyingine, na Fardowsa alipouliza mfuko una nini, akasema una magongo, na kwamba yeye huishi kwa kucheza hoki ya barafuni. Fardowsa akacheka mpaka akaegemea nguzo.

"Msomali na barafu," alisema. "Hata friji yetu Isiolo ilikuwa ya jirani."

"Njoo kesho mchana uone," Dalmar akasema. "Usipopenda, nitakulipia dobi wa hiyo abaya."

Alikwenda, akiwa amemburuta Zilpah, aliyekuwa muuguzi katika hospitali kubwa karibu na Harborne na ambaye siku ya mapumziko hupenda kulala. Uwanja ulikuwa nje kidogo ya jiji, jengo la mabati lisilo na sura ya maana. Ndani, baridi iliwapiga puani kama harufu. Halafu wachezaji wakaingia.

Fardowsa alikuwa mwalimu wa udereva mtaa wa Acocks Green. Kazi yake ilikuwa mwendo: kuuona kabla haujatokea, kuupima, kuuogopa. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Dalmar alitoka upande wa mbali akirudi kinyumenyume, kwa kasi ambayo gari lingepigiwa honi, bila kutazama nyuma, na watu wakampisha kana kwamba mgongo wake ulikuwa na macho. Vyuma vya viatu vyake vilichana barafu kwa sauti ya kitambaa kipya kinapopasuliwa na fundi. Aligeuka, akainama mpaka goti likakaribia kugusa chini, akakinyakua kile kisahani cheusi cha mpira wanachokigombea mguuni mwa adui, na mwili ule mzito ukawa hauna uzito wowote. Fardowsa alishika mkono wa Zilpah akasahau kuuachia. Aliona haya kwa machozi yaliyomjia, kwa sababu hakuna jambo la huzuni lililokuwa limetokea.

"Nilipie dobi," alimwambia Dalmar baadaye nje ya jengo.

"Hukupenda?"

"Nimependa. Nataka tu sababu ya kukuona tena."

Sababu zikapatikana. Dalmar hakuwahi kujifunza kuendesha gari la Uingereza, basi akajiandikisha kwake kama mwanafunzi. Kila wiki walizunguka Acocks Green kwa mwendo wa kobe, na mtu yule aliyeruka kinyumenyume juu ya barafu alitokwa na jasho kila alipoona raundabauti. Fardowsa alimtania bila huruma. Dalmar alimpigia simu kila alipofika kwenye mji wenye mechi, mara nyingi akiwa ndani ya basi la timu, wenzake wakipiga makelele nyuma, akimuuliza amekula nini, amemfokea nani leo barabarani. Alimwita mwalimu mbele za watu, mpenzi kwenye simu. Alizungumza kwa adabu na alijua mipaka, na Fardowsa akaanza kumtaja nyumbani bila kutaja jina.

Dalili aliziona ndani ya gari. Ilikuwa baada ya mechi moja ya ugenini ambamo Dalmar alibanwa kwenye ukuta wa uwanja, kichwa kikagonga kioo. Alisema si kitu. Lakini wiki hiyo alisimama kwenye taa ya kijani, akafunika macho, akasema mwanga unamchoma. Aliuliza njia ya mtaa ambao walikuwa wameupita muda mfupi tu uliopita. Siku nyingine alimwita Fardowsa kwa jina la dada yake, akacheka, na kicheko chenyewe hakikufika machoni.

Zilpah aliposimuliwa hakucheka hata kidogo. Alisema amewauguza watu wa namna hiyo, wengine vijana kuliko Dalmar, wanaolishwa kwa kijiko. "Ubongo haufungwi plasta," alisema. "Akigongwa tena kabla haujapona, huenda usimpate tena huyo unayempenda, hata kama atakuwa amekaa mbele yako."

Fardowsa alimsihi Dalmar amweleze daktari wa timu. Alimsihi kwa upole, kisha kwa ukali. Dalmar akasema msimu umebaki kidogo, timu iko karibu na kombe, na wachezaji wote huumwa kichwa. Mwishowe akasema lile lililokuwa chini ya yote.

"Uswidi nilikuwa mtoto mweusi asiyejua lugha. Nilipovaa vile viatu ndipo watu wakaniona. Ukiniondoa pale, Fardowsa, hapatabaki mtu."

"Mimi nakuona sasa hivi, na umekaa kwenye gari, umevaa kandambili."

Alitabasamu, lakini hakubadili nia. Kesho yake Fardowsa aliahirisha masomo yote, akaendesha peke yake hadi uwanjani, akamtafuta daktari wa timu, akamweleza kila alichokiona. Alikuwa anajua bei ya jambo lile.

Dalmar alipimwa, akasimamishwa, akapelekwa kwa daktari bingwa, na daktari bingwa akamwambia asicheze tena maisha yake yote. Simu ilimfikia Fardowsa akiwa ameegesha gari kando ya duka la mikate.

"Ni wewe uliyewaambia?"

"Ni mimi."

"Bila kuniambia mimi kwanza."

"Nilikuambia wewe kwanza, Dalmar. Nilikuambia mpaka nikachoka."

"Basi usinipigie tena," Dalmar akasema, na simu ikakatika.

Hakumpigia. Aliendelea kufundisha watu kutazama vioo na kushika breki, akawa mkali zaidi, wanafunzi wakalalamika. Barabara ya kwenda uwanjani aliifuta kwenye njia zake zote. Majani yakaanguka, yakaota tena. Zilpah ndiye aliyemletea habari, moja moja, kama mtu anayemlisha mgonjwa: kwamba Dalmar alijifungia nyumbani kwa muda mrefu, kwamba klabu ilimwita asaidie kufundisha mabeki, kwamba kocha mkuu alistaafu na wakampa yeye timu. Fardowsa alisikiliza akikunja nguo, akasema vizuri, Mungu amsaidie.

Ilipofika mechi ya kugombea kombe, Jumapili alasiri, Zilpah alikuja na tiketi na hakukubali kukataliwa.

Walikaa juu kabisa. Dalmar alisimama nyuma ya benchi la timu yake, amevaa suti ya kijivu na tai, viatu vya kawaida miguuni. Fardowsa alikuwa amejiandaa kumhurumia, lakini jinsi mchezo ulivyoendelea huruma ilimpotea. Dalmar alimgusa mchezaji mmoja bega, akamwambia maneno mawili, na huyo akaingia barafuni akiwa mchezaji mwingine. Alinyanyua kidole na wachezaji watano wakahama pamoja kama kundi la ndege. Ile akili iliyokuwa ikikaa ndani ya mwili mmoja sasa ilikuwa imegawanywa kwa watu ishirini, na wote walikimbia nayo. Fardowsa aliogopa kupepesa macho.

Timu zilikuwa sare wakati Mark, nahodha na mfungaji wao tegemeo, alipogongwa. Kichwa kilipiga ukuta kwa mlio ambao uwanja mzima uliusikia. Alianguka, akainuka, akapunga mkono, na watu wakamshangilia. Alifika kwenye benchi akitaka kurudi ndani. Dalmar akainama mbele ya uso wake, akamuuliza kitu. Mark akajibu. Dalmar akauliza tena, na jibu safari hii likachelewa.

Kocha akamfungulia Mark kamba ya kofia ya chuma, akaivua, akaikabidhi kwa mtu wa nyuma, na kumwita daktari.

Uwanja ulilipuka kwa zomeazomea. Mark alilipiga gongo lake ukutani likakatika, akamtukana kocha wake usoni, machozi yakimtoka. Dalmar alisimama pale wima, uso umepauka, akapokea matusi yote mpaka Mark alipoondolewa. Zilpah alimtazama rafiki yake.

Walifungwa dakika za mwisho. Kombe likaenda upande wa pili.

Watu walipotoka Fardowsa aliteremka ngazi mpaka kwenye benchi. Dalmar alikuwa amekaa peke yake, tai imelegezwa. Alipomwona hakushtuka, alisogea kumpa nafasi.

"Nilikuona tangu mwanzo," alisema. "Nikajiambia, leo nisifanye upuuzi mbele ya mwalimu."

"Hukufanya."

"Ananichukia."

"Ndiyo."

"Itachukua muda gani?"

"Wewe ulichukua mpaka leo," Fardowsa akasema.

Dalmar alifunika uso kwa viganja vyake vikubwa. Alipovitoa macho yalikuwa mekundu. Alisema kwamba kwa muda wote ule alikuwa akijiambia Fardowsa alifanya jambo rahisi, jambo la mtu mwoga. Leo, alipokuwa akishika ile kamba chini ya kidevu cha Mark, hakujua kama mtu anaweza kupenda hivyo na bado mkono ufanye kazi. "Na wewe uliendesha gari mpaka hapa ukiwa peke yako," alisema. "Nisamehe, Fardowsa."

"Nilishakusamehe zamani. Nilikuwa nakungoja wewe ujue unachoombea msamaha."

Walikaa wakitazama barafu iliyochanwachanwa, na baridi ikapanda miguuni. Kisha Dalmar akamuuliza, kwa sauti ya chini na adabu yake ileile, kama anaweza kutuma wazee kwao.

"Watume kwa baba mdogo Abdiweli, Erdington," Fardowsa akajibu. "Waje mchana, na wasije na maneno mengi. Nimengoja vya kutosha."

Wazee walikwenda, na mambo yakaenda haraka. Siku ya harusi ukumbi ulijaa Wasomali, Wakenya na timu nzima ya hoki, wamevaa suti zinazowabana mabega. Mark alikuja pia. Alikuwa amepona na madaktari wamemruhusu kucheza tena, lakini alikaa meza ya mwisho kabisa, na hakumpa kocha wake mkono mpaka pilau ilipofika.