Mistari Mitatu ya Wino Mmoja

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Kiilu na ndani ya gari hamkuwa na mtu, lakini pedali ya breki ilishuka yenyewe mpaka chini, ikapanda, ikashuka tena. Aliiona kupitia mlango uliokuwa wazi. Ilikuwa saa sita mchana, gereji yake hapo Kabati imejaa jua, mwezi wa Agosti, wakati ambao Kitui nzima haina hata wingu la kumdanganyia mtu. Fundi wa magari hakosi sababu, na Kiilu alijiambia ni springi imelegea.

Landrova hilo lilikuwa la kuuzwa. Maalim, mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, ndiye aliyelileta, na mnunuzi alikuwa kanisa la Kiilu mwenyewe. Mzee Kisilu, mwenyekiti wa kamati, alikataa katakata kulinunua kabla Kiilu hajaliangalia pamoja na kitabu chake cha ukaguzi, lile daftari ambamo kila mwezi fundi huandika alichokagua na kutia sahihi.

"Wewe ni mtu wetu, fundi," mzee alimwambia. "Ukisema ni nzima, tunachukua. Jumapili akina mama wa kwaya wanaenda nayo Mukuyuni. Bibi yako Kasyoka ndiye wa kwanza kuandikisha jina."

Kiilu alikuwa amekikwepa kitabu asubuhi yote. Alipima matairi, akapima springi, akagonga fremu ambayo haikuhitaji kugongwa. Rangi ya gari ilikuwa mpya, kijani, lakini namba aliijua tangu lilipoingia, akajisahaulisha. Mwishowe alikaa kwenye ndoo, akafungua kurasa za mwaka 1981, miaka mitano nyuma. Novemba: breki nzima. Desemba: breki nzima. Akageuza ukurasa. Januari: breki nzima. Mistari mitatu ya wino mmoja, mkono mmoja, na chini ya kila mmoja, sahihi yake.

Novemba ile mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa alfajiri, na kila mwenye shamba alitupa alichokuwa nacho mkononi akakimbilia jembe. Kiilu alikuwa anafunga gereji aende kupanda, ndipo Barwaqo, mke wa mwenye gari, akaleta kitabu. Kiilu aliona ataitwaitwa kutoka shambani msimu mzima, kwa hivyo alijaza miezi mitatu papo hapo, mguu mmoja tayari uko barabarani.

"Umekagua, fundi?" Barwaqo aliuliza.

"Nimekagua, mama."

Tarehe kumi na mbili Desemba, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, gari lilikataa kusimama. Barwaqo alifia humo. Mumewe, Sugow, ndugu yake Maalim, aliyekuwa akiendesha, aliapa kwamba pedali ilizama mpaka chini, lakini kitabu kilifunguliwa na ukurasa wa Desemba ukasema breki nzima. Sugow akawa mwongo, mtu aliyemuua mkewe kwa mbio zake. Wakwe zake walimfukuza. Hakuna aliyefungua ukurasa wa pili akaona gari lililolala mtoni likiwa limekaguliwa Januari. Kiilu aliulizwa mara moja tu, naye akajibu, "Kitabu ndicho hicho." Mbaazi za msimu ule zilikubali sana. Alizila mpaka zikaisha.

Sasa alitazama nyuma yake, akauchana ukurasa wa Januari, akausokomeza ndani ya ovaroli. Aliona aibu hata mbele ya vyuma. Kisha akafanya kazi kama mtu anayelipia dhambi: akabadilisha paipu zote za breki, raba zote, akatia mafuta mapya, akazungusha gari uani mara tatu. Breki zilishika barabara. "Basi," akajiambia, "safari hii nikisema ni nzima, nitakuwa nimesema kweli."

Alikuwa bado kwenye usukani na injini imezimwa alipoisikia ile harufu, harufu ya udongo mkavu ulioguswa na mvua ya kwanza. Nje jua lilikuwa linachoma mabati. Harufu ilitoka kiti cha abiria, na kiti hicho, kilichokuwa kikavu alipoingia, kilianza kuloa kidogo kidogo, kuanzia mahali mtu anapoegemeza mgongo, kikashuka mahali mtu anapokalia, na pedali iliyokuwa imeshika vizuri chini ya mguu wake ikalegea, ikazama, akajaribu kuondoa mguu na mguu haukuondoka, kwa kuwa juu ya kiatu chake palikuwa na uzito wa mguu mwingine, baridi, ukikanyaga pamoja naye, pa, pa, pa, kama anavyokanyaga mtu anayeona mto unakuja, na karatasi ile mfukoni mwake ikaloa ikamganda kwenye ngozi, na pembeni, karibu kabisa na sikio, sauti ya mwanamke ikauliza polepole, bila hasira:

"Umekagua, fundi?"

"Aiya, mama..."

"Umekagua?"

Mlango ulifunguliwa na Mzee Kisilu. Nyuma yake alisimama Maalim, kofia mkononi. Uzito ukaondoka mguuni, Kiilu akaanguka nje kwa magoti.

"Ni nini, fundi? Gari iko na shida?" mzee alinong'ona, maana pedali ilikuwa bado inashuka na kupanda, na wote watatu walikuwa wanaiona.

Maalim hakushtuka. "Inafanya hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nisifiche. Nimesomesha hii gari Kurani mara tatu. Sheikh aliniambia, huyu jini hana maneno na nyinyi. Amekaa ndani ya uongo, na mwenye uongo si mtu wa kwenu. Akasema niiuze, itamfikia."

Kiilu angeweza kunyamaza hata hapo. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hata hapo alifikiria kunyamaza. Lakini aliona Kasyoka na leso yake ya Jumapili akikaa kwenye kile kiti kilicholoa. Akatoa ukurasa mfukoni, akaukunjua juu ya boneti.

"Sikukagua," alisema. "Mvua ilinyesha nikaenda kupanda. Niliandika miezi yote mitatu siku moja. Sugow alisema kweli. Breki hazikushika, na mimi nilijua sikuzigusa."

Pedali ilipanda juu, ikatulia. Harufu ikaondoka, ikabaki ya grisi tu. Mzee Kisilu alivua kofia yake, akakosa maombi ya kuanza nayo.

"Nipeleke kwa ndugu yako," Kiilu alimlilia Maalim. "Nikamwambie mwenyewe, mbele ya wakwe zake."

Maalim aliuchukua ukurasa, akaukunja vizuri, akautia ndani ya kofia. "Sugow tulimzika mwezi wa tano," alisema. "Mpaka mwisho alikuwa anakanyaga, amelala kitandani, mguu wa kulia. Tulidhani ni homa."

Aliondoka na gari lake siku hiyo hiyo. Jumapili Kiilu alisimama kanisani akaungama yote, watu wakaomba, Kasyoka akalia, na wengi wakasema yule jini ametoka. Kiilu naye alitaka sana kuamini hivyo.

Novemba mvua ya kwanza ilinyesha, na Kabati nzima ikakimbilia mashambani. Kiilu alikwenda nyuma ya mkewe. Kasyoka alichimba shimo, akadondosha mbaazi tatu, na Kiilu, kama afanyavyo kila mtu, akanyoosha mguu wa kulia kuzifukia. Udongo ulishuka chini ya kiatu chake, laini, mpaka chini, haukushika. Kisha ukapanda.

"Mbona umesimama?" Kasyoka aliuliza.

Kiilu alitazama kiatu chake. Shamba lote lilikuwa bado mbele yake, na mguu wake ulikuwa umeanza kukanyaga.