Pumzi ya Utingo

Jumamosi ile ilianza vizuri tu gerejini kwa Ndalahwa, kule Mkolani. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mawe, Obedi fundi wa kuchomelea alikuwa anapiga miluzi upande wa pili wa uzio, na yule mama mpishi alikuwa ameshainjika maji ya ugali. Nasema yule mama mpishi kwa sababu ndivyo mtaa mzima tulivyomjua. Kumbe masikini ya Mungu alikuwa mama yake mzazi, aliyemzaa Ndalahwa kwa uchungu kama tulivyozaliwa sote.

Jina lake Paskazia. Macho yake ni mekundu, kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia tangu akiwa msichana. Lakini huko kijijini kwao bibi akizeeka na macho mekundu, watu hawasemi ni moshi. Wanasema ni mchawi, tena wanasema wakiwa wameshika mapanga. Ndalahwa alipopata habari alikwenda na pikipiki akamtoa asubuhi moja kabla hawajamfanyia kitu. Hapo alifanya jambo la kiume, lazima nimpe haki yake.

Kosa lake alilifanya mjini. Mteja wa kwanza alipouliza, "Huyu bibi ni nani?" Ndalahwa aliona yale macho, akaona na mteja anavyoyatazama, akajibu haraka, "Ni mama mmoja anatupikia." Kiswahili kina ujanja wake, bwana. Kila mwanamke mzima ni mama. Neno "mama" aliweza kulitamka mbele ya yeyote bila kuonekana mwongo. "Mama yangu" ndilo lililomshinda. Naye Paskazia hakulalamika. Mbele za watu alimwita fundi, wakiwa peke yao alimwita mwanangu, na Ndalahwa kila alipoitwa hivyo aliinamisha uso.

Sasa pale gerejini palikuwa na lori la Bedford la zamani, la petroli, lililokuwa likibeba pamba enzi hizo. Mzee Clavery, Mhaya mmoja mstaafu anayeishi Ilemela, alilikuta kwenye ua wa mtu likiwa limegeuzwa banda la kuku, akalinunua. Alitaka binti yake Leonsia abebwe nalo kutoka kanisani siku ya harusi. Bodi lilikuwa limeshapakwa rangi nyeupe, breki zimepona. Ilibaki kabureta tu. Ukipiga stata injini ilizunguka, ikakohoa, ikazima. Na mchana huo Mzee Clavery alikuwa anakuja na watu wa kamati ya harusi walisikie likinguruma.

Ndalahwa aliifungua kabureta karibu na mlango wa jikoni, kwenye mwanga. Akaitumbukiza kwenye beseni la petroli, akaisugua kwa mswaki. Kutu na uchafu wa kuku ulitoka mwingi, lakini jeti kubwa, kile kipande chenye kitundu cha kupitishia petroli, ilikuwa imeziba. Aliiinua juu, akafumba jicho moja. Haikupitisha hata nuru.

Hapo Paskazia akatoka jikoni. Tangu lori lile liburutwe kuingizwa uani, alikuwa halitazami. Akipita analigeuzia mgongo. Sasa alichuchumaa karibu na mwanawe, akanong'ona.

"Mwanangu, usiipulize hiyo kwa mdomo."

"Kwa nini?"

Alionyesha madigadi ya lori, lile bati la juu ya gurudumu la mbele. Juu yake kulikuwa na kiti kidogo cha chuma, kimechomelewa vibaya vibaya, ambacho Ndalahwa alikuwa amepanga kukikata.

"Hapo ndipo alipokuwa anakaa utingo. Pampu ya mafuta ilikufa katikati ya msimu wa pamba, tajiri hakutaka lori lisimame. Wakamweka huyo utingo pale juu, boneti wazi, akawa anamiminia petroli kwenye kabureta kwa chupa, gari linakwenda. Kabureta ikatema moto. Akauvuta kifuani."

Ndalahwa aliacha kusugua.

"Alikuwa mtu wa kuokotwa, hajui kwao," Paskazia akaendelea. "Kila kijiji chenye pamba alikuwa na mama. Kwangu alikuwa akiingia na kusema, mama, mwanao nina njaa. Nampa ugali, anakula, ananiosha vyombo. Siku walipoilaza maiti yake barabarani wakauliza, huyu ni mtoto wa nani, tulikuwa wanawake wengi pale. Tulinyamaza wote. Na mimi nilinyamaza, mwanangu. Niliona haya watu wasije wakasema nilizaa nje."

Alifuta macho kwa pindo la kanga.

"Fundi aliyelifungua baada ya hapo alipuliza kwa mdomo. Injini ikashika, ikamuuliza, ng'wana nani? Mtoto wa nani? Yeye akacheka tu. Jioni mama yake alimfungia mlango kama mwizi, hamjui. Akasema mwanawe yumo ndani tayari. Basi ukishindwa kabisa, ukapuliza, litakuuliza. Mtaje mama yako kwa sauti. Usinyamaze. Nafasi ya mtoto ukiiacha wazi, ataikalia yeye."

"Ee fundi!" Obedi akapaza sauti kutoka kwenye uzio, huku akicheka. "Siku hizi mama wa jikoni ndiye anakufundisha kabureta?"

Ndalahwa alihisi masikio yanawaka. Jambo la kujibu lilikuwa rahisi, hata mtoto angelijibu. Badala yake akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa Obedi, "Mama, nenda kaangalie moto wako." Paskazia akanyanyuka polepole, akarudi jikoni.

Hata hivyo maneno yalimwingia. Aliichukua jeti akaelekea kwa Obedi kuipuliza kwa kompresa. Hajafika, umeme ukakatika. Akangoja. Akafanya kama anapanga spana. Umeme haukurudi, na honi ya Mzee Clavery ikalia getini.

"Fundi, tumefika! Tuonyeshe maajabu," mzee akasema. Nyuma yake walishuka wanakamati wakiwa wamevaa vizuri, pamoja na Bernadeta, dada yake huyo mzee, simu mkononi tayari kurekodi.

"Dakika chache tu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

Wote wakamzunguka. Jeti ilikuwa kiganjani mwake, ndogo kama punje ya mahindi. Kila fundi hapa Mwanza angefanya jambo moja tu. Ndilo alilofanya. Aliiweka midomoni, akajaza mashavu, akapuliza.

Haikuzibuka. Akapuliza tena, kwa nguvu ya kifua kizima.

Ikazibuka. Na kitu kikapuliza kurudi.

Pumzi. Ya moto. Iliingia kinywani mwake ikiwa na ladha ya petroli na ugali. Ndalahwa alitaka kutema, akaona simu ya Bernadeta inamwangalia. Akameza.

Akaifunga kabureta upya. Gasketi, boya, kifuniko, nati. Akaingia kwenye usukani, akavuta choki, akapiga stata. Lori likashika mara moja. Jamani, lilinguruma! Wanakamati wakapiga makofi, Mzee Clavery akavua kofia, mwanamke mmoja akapiga vigelegele hadi kuku wa jirani wakaruka. Ndalahwa akarudisha choki, akashuka. Mngurumo ukashuka. Ukatulia kwenye sailensa.

Ng'wana nani. Ng'wana nani. Ng'wana nani.

Obedi alikuwa ameshavuka uzio kuja kushangaa. Alishika tumbo kwa kicheko. "Sikilizeni! Lori linasema Kisukuma!"

"Linasemaje?" Mzee Clavery akauliza.

"Linauliza, mtoto wa nani? Haya fundi, lijibiwe na nani kama si wewe? Taja ukoo!"

Watu wakacheka. Wakamgeukia. Ndalahwa hakucheka. Aliona kiti cha madigadi kikibonyea, taratibu, kama mtu mzito anajiweka sawa. Hakuna mwingine aliyeangalia kule.

Ng'wana nani.

Paskazia alikuwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Midomo yake tu ilikuwa inachezacheza, inamfundisha jibu. Macho yake mekundu yalikuwa yamejaa maji, yanaonekana mekundu zaidi.

"Heh," Bernadeta akanong'ona, akishusha simu. "Na yule bibi wa macho yale mbona anakukazia hivyo? Ni mtu wako?"

Neno lilikuwa hapo kwenye ulimi. Mama yangu. Maneno mawili, jamani, mawili! Ndalahwa aliwatazama wale watu na viatu vyao safi. Alifikiria watakayoyasema kwenye gari wakirudi Ilemela.

"Hapana," akasema. "Si mtu wangu. Ni mama wa jikoni tu."

Lori likaacha kuuliza.

Injini ilitulia, ikalainika kama cherehani. Kiti cha madigadi kikainuka. Mzee Clavery akamkumbatia Ndalahwa, akasema hajawahi kuona fundi kama yeye, akapanda mwenyewe kwenye usukani. Msafara ukatoka getini kwa honi na vigelegele. Ndalahwa alibaki amesimama kwenye vumbi lao. Alipogeuka, mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa.

Aibu ikamshika sasa, ile yenyewe, ya kumfanya mtu mzima atake kulia. Hakuona mzimu mbele yake, aliona mwiko ule mkononi mwa mama yake. Akaenda kwenye pipa la maji. Akaosha mikono kwa sabuni ya unga, akasugua hadi kwenye viwiko, hadi kwenye kucha, mpaka oili yote ikatoka. Alitaka kumpigia magoti akiwa safi. Kisha akaenda, akabisha hodi.

Paskazia alifungua kidogo. Uso wake ulikuwa unang'aa. Ndalahwa hakuwahi kumwona na furaha kama ile tangu amlete mjini.

"Karibu, baba," akasema. "Unamtafuta nani?"

"Mama. Ni mimi."

"Wewe nani, baba?"

"Ndalahwa."

Paskazia akacheka kwa upole, akaweka kidole mdomoni. "Ndalahwa yumo ndani anakula. Zungumza taratibu. Mwanangu ametoka safari ndefu, alikuwa na njaa sana."

Hapo hapo, mbele ya Obedi, mbele ya wateja wa jirani na wauza matunda wa barabarani, Ndalahwa akapiga kelele. "Huyu ni mama yangu! Mnasikia? Si mpishi! Ni mama yangu mzazi, amenizaa mimi!" Alirudia mpaka sauti ikakauka. Watu walikusanyika. Obedi alivua kofia yake ya kuchomelea, akakosa pa kutazama. Sote tulisikia siku ile, na sote tulimwonea haya.

Paskazia naye alimwonea huruma. Alijifunga kanga vizuri, akamshika mkono, ule uliotakata.

"Pole, baba," akasema. "Mama yako alikufa lini?"

Paskazia akausukuma mlango ukafunguka wote, akamkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni.

Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kigoda kimevutwa karibu na jiko. Palikuwa na bakuli la maji ya kunawia, na juu ya maji rangi rangi za petroli zikizunguka bado. Sahani ya ugali ilikuwa imeliwa nusu. Pembeni, kwenye ukingo wa sahani, tonge moja lilikuwa limemegwa, limefinyangwa vizuri, limewekwa peke yake.

"Amekumegea wewe," Paskazia akanong'ona. "Anasema usiondoke kwetu na njaa."

Ndalahwa aliunyoosha ule mkono wake msafi, akalishika tonge. Lilikuwa bado la moto. Na kote lilipofinywa, lilikuwa na alama nyeusi za vidole vya oili.